Jinsi ya Kuzima Akili Mnemba Iliyopachikwa Kwenye Kompyuta Yako: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yaleyale: "Nimeizima, mbona imerudi?" Mtu ameondoa kitufe cha Copilot, msaidizi wa akili mnemba (AI) wa Microsoft, chini ya skrini, kesho yake anafungua Word na kukikuta kinamsubiri. Mwingine amefuta folda nzito ya Chrome, na baada ya siku chache folda imerudi na uzito wake wote. Hawa hawakukosea kubofya. Tatizo ni kwamba hakuna swichi moja inayozima kila kitu. Mfumo wa kompyuta una yake, kivinjari kina yake, programu za ofisi zina zake, na akaunti yako ya mtandaoni ina yake pia.

Kuna kosa la pili, nalo ndilo linaloumiza zaidi: kuchanganya kuficha, kuzima na kufuta. Kuondoa kitufe ni kuficha tu, kazi yenyewe inaendelea. Kuzima kunasimamisha kazi, lakini kilichokwisha kuhifadhiwa kinabaki. Kufuta ni jambo la peke yake. Katika kila hatua hapa chini nitasema unafanya lipi kati ya hayo, na utajuaje kwamba limefanyika.

## Andaa haya kwanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo, hatua ya 1 na ya 4 zitakwama katikati.
- Jina la toleo lako. Kwenye Windows, bofya Start, andika `winver`, bonyeza Enter. Kwenye Mac, fungua menyu ya tufaha, kisha About This Mac.
- Masasisho yote yawe yameingia. Wengi huyaogopa wakidhani ndiyo yanayoleta akili mnemba. Kweli yanaileta, lakini swichi za kuizima nazo huja kwa njia hiyohiyo. Firefox, kwa mfano, ilipata ukurasa mmoja wa kuzima vyote katika toleo la 148.
- Daftari au faili ya maandishi. Andika kila unachobadilisha na mahali kilipo. Utalihitaji mwishoni.

Kama kompyuta ni ya mwajiri au ya shule, ishia hapa na uzungumze kwanza na mtu wa TEHAMA. Swichi nyingi zitakuwa zimefungwa, na kuzilazimisha kunaweza kukuletea matatizo ya kikazi.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza. Watengenezaji huyahamisha mara kwa mara, kwa hiyo usipokuta jina nilipolitaja, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho ndani ya mipangilio na uandike `AI`, `Copilot` au `Gemini` (akili mnemba ya Google). Njia hiyo hukufikisha hata ukurasa ukibadilishwa sura.

## Hatua ya 1: Anza na kinachohifadhi, yaani Recall

Hii inawahusu wenye kompyuta za Windows zinazouzwa kwa jina la Copilot+ PC. Recall hupiga picha za skrini yako kila mara unapofanya kazi, ikazisoma na kuzihifadhi ndani ya diski ili baadaye uweze kutafuta ulichowahi kuona. Ilitangazwa Mei 2024, ikaahirishwa baada ya wataalamu wa usalama kuipinga vikali, kisha ikaanza kusambazwa Aprili 2025 ikiwa na usimbaji fiche na sharti la kuthibitisha utambulisho kwa Windows Hello, yaani kwa uso, kidole au PIN. Haifanyi kazi mpaka ukubali. Lakini watu wengi hubofya "ndiyo" wakati wa kuanzisha kompyuta mpya bila kusoma.

Ninaiweka ya kwanza kwa sababu vipengele vingine vinakera tu, ila hiki kinakusanya.

1. Fungua Settings > Privacy & security > Recall & snapshots.
2. Zima Save snapshots. Hapo umesimamisha picha mpya.
3. Fungua Delete snapshots, chagua Delete all. Usiruke hapa: ukizima bila kufuta, picha za zamani zinabaki.
4. Sasa kiondoe kipengele chenyewe. Bofya Start, andika `Turn Windows features on or off`, fungua, tafuta Recall, toa alama ya tiki, bonyeza OK, kisha washa upya kompyuta.

Jina la Recall lisipokuwepo kwenye orodha hiyo, hakuna cha kuondoa.

Utajuaje umefaulu: fungua Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

`Dism /Online /Get-FeatureInfo /FeatureName:Recall`

Kwenye mstari wa State usome neno linaloanza na *Disabled*. Ukipata kosa namba 740, maana yake hukuifungua Terminal kwa mamlaka ya msimamizi. Ifunge, bofya kulia kwenye jina lake, chagua Run as administrator.

Jambo moja la kuzingatia hata ukishamaliza: kuzima kwako hakumzimii mwenzako. Ukimtumia mtu ujumbe wa siri na kompyuta yake ina Recall, ujumbe wako unaweza kuingia kwenye picha zake. Ndiyo maana Signal, programu ya kutumiana ujumbe wa siri, Mei 2025 iliweka kinga inayozuia dirisha lake kupigwa picha kwenye Windows 11. Kinga hiyo huja ikiwa imewashwa. Iache hivyo.

Hukohuko kwenye Privacy & security angalia pia Click to Do na Text and image generation. Si kila kompyuta inazo. Ukizikuta, zima zote mbili.

## Hatua ya 2: Copilot ndani ya Windows

Hapa ndipo miongozo ya zamani inapowapoteza watu. Wanaambiwa waongeze kwenye rejista, yaani hazina ya mipangilio ya mfumo, thamani inayoitwa `TurnOffWindowsCopilot`, wanafuata kwa uaminifu, na hakuna kinachobadilika. Sababu ni kwamba thamani hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Copilot ya mwanzo, iliyokuwa ubao wa pembeni wa Windows. Siku hizi Copilot ni programu ya kawaida, na dawa yake ni ileile ya programu nyingine yoyote usiyoitaka.

1. Fungua Settings > Apps > Installed apps.
2. Tafuta Copilot, bofya nukta tatu, chagua Uninstall.
3. Tafuta pia Microsoft 365 Copilot. Hiyo ni programu tofauti, ile iliyokuwa ikiitwa Microsoft 365 na kabla ya hapo Office. Ni lango tu la kufungulia faili zako. Ukiiondoa, Word na Excel zilizowekwa kwenye diski zinabaki salama.
4. Kama kibodi yako ina kitufe cha Copilot, nenda Settings > Personalization > Text input, tafuta sehemu ya kubadilisha kitufe hicho, ukipe kazi nyingine kama vile utafutaji.

Notepad ina yake. Ifungue, bofya alama ya gurudumu juu kulia, shuka hadi sehemu ya AI, zima swichi. Ukiandika neno na kulichagua, menyu ya kuandika upya isijitokeze.

Tahadhari: utakutana na skripti, yaani faili za amri, zinazojinadi kwamba zitang'oa akili mnemba yote kwa amri moja. Sizipendekezi. Zinaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, zinagusa sehemu za mfumo usizoziona, na masasisho yakianza kugoma hutajua ni mstari gani uliovunja nini. Bofya mwenyewe, moja baada ya nyingine.

## Hatua ya 3: Kama unatumia Mac

Wenye Windows ruka hadi hatua ya 4.

Apple Intelligence, akili mnemba ya Apple, inapatikana kwenye Mac zenye chipu ya M1 na kuendelea. Tangu macOS 15.3 ya Januari 2025, hujiwasha wakati wa kuanzisha kompyuta mpya au kupandisha toleo. Kwa hiyo usitegemee kwamba kwa kuwa hukuiwasha, basi imezimwa.

Kabla ya kuzima, ni vyema ukaangalia imekuwa ikifanya nini. Fungua System Settings > Privacy & Security > Apple Intelligence Report. Ukurasa huo unakuwezesha kuhamisha orodha ya maombi yaliyotumwa kwenye seva za Apple.

Kisha:

1. Nenda System Settings > Apple Intelligence & Siri.
2. Ukikuta sehemu ya ChatGPT, izime na utoke kwenye akaunti yako ya ChatGPT kama uliingia.
3. Zima swichi kuu ya Apple Intelligence, kisha uthibitishe.

Siri ya kawaida inabaki. Ukitaka kufunga zaidi, hasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watoto, Screen Time > Content & Privacy ina sehemu ya kuzuia utengenezaji wa picha na zana za uandishi.

Utajuaje umefaulu: chagua maandishi kwenye Notes na ubofye kulia. Writing Tools isiwepo. Apple inahitaji GB 7 za diski kwa ajili ya modeli zake, yaani faili zinazoendesha akili mnemba ndani ya kompyuta, kwa hiyo mwenye diski ndogo ataona nafasi ikirudi, ingawa huenda si papo hapo.

## Hatua ya 4: Kivinjari

Hapa tutakaa kidogo. Kivinjari ndicho kinachoona barua pepe zako, benki yako na maswali yako ya afya, na ndicho watu wanachokisahau wakishamaliza na mfumo.

### Chrome

Bofya kulia kwenye kitufe cha Gemini, chagua Unpin. Umekificha, hujazima. Nenda sasa Settings > AI innovations na uzime kila kipengele kimoja kimoja: msaada wa kuandika, utafutaji wa historia, ulinganishaji wa tabo, na kwa upande wa Gemini, ruhusa ya kusoma ukurasa uliofunguka.

Kisha kuna ile folda inayorudi. Chrome hupakua modeli iitwayo Gemini Nano ndani ya diski yako, kwenye folda ya `OptGuideOnDeviceModel`, na uzito wake ni karibu GB 4. Ukiifuta kwa mkono, Chrome inaona kuna kitu kimepungua na inaipakua tena. Ni kweli kwamba modeli hiyo hufanya kazi ndani ya kompyuta bila kutuma maandishi yako nje. Ila nafasi na data ni mali yako, na una haki ya kukataa.

Kwanza tafuta kwenye Settings > System swichi ya On-device AI. Ukiikuta, izime na kazi imekwisha. Usipoikuta, tumia sera kwenye Windows, yaani agizo la msimamizi ambalo Chrome hulazimika kulifuata.

Tengeneza kwanza sehemu ya kurejesha: bofya Start, andika `Create a restore point`, kisha ubonyeze Create. Tunakwenda kugusa ile rejista ya mfumo, na pale kosa dogo la uandishi linaweza kuharibu kitu kingine. Fungua Terminal kwa mamlaka ya msimamizi, nakili mistari hii mmoja baada ya mwingine:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /v GenAILocalFoundationalModelSettings /t REG_DWORD /d 1 /f`

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /v GenAiDefaultSettings /t REG_DWORD /d 2 /f`

Mstari wa kwanza unazuia upakuaji wa modeli. Wa pili unaweka vipengele vinavyotunga maandishi na picha katika hali ya kutoruhusiwa, vikiwemo vile vitakavyoongezwa baadaye chini ya sera hiyo. Funga Chrome kabisa, uifungue tena.

Utajuaje umefaulu: andika `chrome://policy` kwenye sehemu ya anwani. Majina yote mawili yawepo, na safu ya hali isome OK. Chrome itaanza pia kuonyesha kwamba inasimamiwa na shirika. Usishtuke, msimamizi huyo ni wewe. Sasa ndipo folda ikifutwa hairudi.

Unachopoteza: tangu 2025, Chrome hutumia modeli hiyohiyo kutambua kurasa za matapeli wanaojifanya mafundi wa kompyuta, kwa waliowasha ulinzi ulioimarishwa. Kama kompyuta hii ni ya mzazi wako ambaye tayari ameshawahi kunaswa na matapeli hao, mimi ningeiacha modeli na kuzima hayo mengine.

Ukibadili mawazo, rudia amri hizo kwa `reg delete` badala ya `reg add`, ukiishia kwenye jina la thamani na `/f`.

### Edge

Fungua mipangilio, andika `Copilot` kwenye kisanduku cha kutafutia, uzime kila kinachojitokeza. Swichi ya maana kuliko zote ni ile inayoruhusu Copilot kusoma yaliyomo kwenye ukurasa uliofungua. Kisha tafuta `Compose`, uzime msaidizi wa uandishi. Kuondoa programu ya Copilot kwenye hatua ya 2 hakukugusa Edge hata kidogo, ndiyo maana unarudia.

### Firefox

Ndiyo rahisi kuliko zote. Kuanzia toleo la 148, fungua Settings > AI Controls na uwashe Block AI enhancements. Inazima vilivyopo na kuzuia vijavyo. Angalia jambo moja: tafsiri ya kurasa nayo imo kwenye kundi hilo. Ukiihitaji, iruhusu peke yake palepale.

Kwenye toleo la zamani, andika `about:config`, kubali onyo, tafuta `browser.ml.enable` na `browser.ml.chat.enabled`, uzibadilishe zote ziwe *false*. Ukibofya kulia kwenye maandishi, mwaliko wa kuuliza roboti usionekane tena.

## Hatua ya 5: Majibu ya akili mnemba kwenye utafutaji

Muhtasari unaotokea juu ya matokeo ya Google hautokani na kivinjari chako. Unatengenezwa kwenye seva za Google, na hakuna swichi ya kuuzima. Lakini Google ina kichujio cha Web kinachoonyesha viungo tu, na unaweza kukifanya kiwe chaguo lako la kudumu.

Kwenye Chrome: Settings > Search engine > Manage search engines and site search, bofya Add. Jina andika lolote, na kwenye anwani weka:

`https://www.google.com/search?q=%s&udm=14`

Hifadhi, bofya nukta tatu mbele ya jina ulilolipa, chagua Make default. Tafuta kitu kwenye sehemu ya anwani: ukurasa uje na viungo vitupu, bila aya iliyotungwa. Ukianzia kwenye ukurasa wa Google wenyewe, muhtasari utaonekana kama kawaida, kwa hiyo jizoeze kuanzia juu.

Wanaotumia DuckDuckGo wana njia fupi: anwani ya `noai.duckduckgo.com` tayari imezimwa vipengele hivyo.

## Hatua ya 6: Word na wenzake

Fungua Word, File > Options > Copilot, toa tiki kwenye Enable Copilot, bonyeza OK, funga programu uifungue tena. Kwenye Mac, chaguo hilo limo ndani ya Preferences, sehemu ya Authoring and Proofing Tools.

Sasa rudia kwenye Excel. Kisha PowerPoint. Na kama una kompyuta mbili, rudia yote kwenye ya pili. Swichi hiyo ni ya programu moja kwenye kompyuta moja, na hapa ndipo wengi huamini kwamba "imerudi" wakati ukweli ni kwamba waliizima mahali pamoja tu. Outlook ni tofauti: swichi yake imo kwenye mipangilio yake yenyewe na inafuata akaunti yako popote.

Kwa wanaolipia Microsoft 365 Personal au Family kuna suala la fedha pia. Januari 2025 Microsoft iliingiza Copilot kwenye mipango hiyo na kupandisha bei. Marekani, Personal ilitoka dola 6.99 hadi 9.99 kwa mwezi. Ulikuwepo mpango uitwao Classic, usio na Copilot na wenye bei ya zamani, lakini ulijitokeza pale tu mteja aliyekuwa tayari amejiunga alipoanza kujiondoa. Oktoba 2025, mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Australia, ACCC, iliishtaki kampuni hiyo kwa madai kwamba wateja hawakuelezwa wazi kuhusu chaguo hilo. Kwa hiyo kabla ya kulipa tena, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, anza hatua za kufuta usajili, na usome kila unachopewa kabla ya kuthibitisha chochote.

Acrobat, ile programu ya PDF: fungua Preferences, chagua Generative AI, toa tiki. Basi.

## Hatua ya 7: Akaunti ya Google

Fungua Gmail kwenye kompyuta, bofya gurudumu, See all settings, ukurasa wa General. Shuka hadi Smart features, toa tiki. Chini yake kuna kitufe cha Manage Workspace smart feature settings. Ukifungue uzime na hizo pia. Ni swichi mbili tofauti, na wengi huizima ya kwanza tu.

Nikuonye mapema: tabo za Promotions na Social zitatoweka, na barua zote zitaingia kwenye kapu moja. Google imeviunganisha vipengele vya zamani na vipya chini ya swichi moja, jambo ambalo kwa maoni yangu si haki kwa mtumiaji. Kama unapokea barua nyingi, tengeneza vichujio vyako mwenyewe kwanza, ndipo uzime.

## Hatua ya 8: Kagua baada ya kila sasisho kubwa

Sasisho kubwa la mfumo linaweza kurudisha programu uliyoondoa au kuleta swichi mpya iliyokwisha kuwashwa. Chukua lile daftari. Baada ya sasisho la Windows, angalia Installed apps kama Copilot imerudi, kisha endesha tena amri ya Dism. Baada ya sasisho la macOS, fungua Apple Intelligence & Siri. Kwenye Chrome, `chrome://policy` inatosha.

Ukikuta kitu kimerudi, kabla ya kurudia hatua zote, jiulize ulikiona wapi hasa: kwenye upau wa kazi, ndani ya tabo ya kivinjari, ndani ya hati, au ndani ya barua pepe? Upau wa kazi ni hatua ya 2. Ndani ya tabo ni ya 4, na kama ni juu ya matokeo ya utafutaji ni ya 5. Ndani ya hati ni ya 6. Ndani ya barua, kama ni Gmail nenda ya 7, kama ni Outlook rudi ya 6.